Kuandika chakula kwenye programu ya kalori bila kujidanganya: mizani, mstari na sufuria

Maswali huwa ni yaleyale. Wali niupime ukiwa mchele au ukishaiva? Kijiko cha mafuta ni gramu ngapi? Nimetafuta "kuku", wamekuja kuku ishirini, nishike yupi? Halafu lile la wiki ya tatu: mbona naandika kila kitu na uzito haushuki?

Karibu yote yana jibu moja. Uzito unaouandika na mstari unaouchagua lazima vizungumzie chakula kilekile, kikiwa katika hali ileile. Mstari hapa ni jina la chakula pamoja na takwimu zake ndani ya programu. Programu haioni sahani yako, kazi yake ni kuzidisha tu. Ukiipa uzito wa wali ulioiva na takwimu za mchele mkavu, itazidisha bila kuuliza.

Tahadhari kabla hatujaanza: kama umewahi kuugua tatizo la ulaji, au unajikuta unaogopa kula kitu kwa sababu hukukipima, weka mizani kando uongee na daktari au mtaalamu wa lishe. Mjamzito na anayetumia dawa za kisukari wasijipangie kiwango cha kalori wenyewe.

Unachohitaji

- Mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu 1 na kubeba hadi kilo 5. Ya kilo 2 au 3 itakukwamisha siku ya kupima sufuria iliyojaa.
- Betri za akiba. Betri ikichoka, mizani nyingi huanza kusoma ovyo kabla hazijazima.
- Programu inayokubali gramu na kukuruhusu kutunga chakula chako na mapishi yako. MyFitnessPal, Cronometer, Lose It! na FatSecret zote zina sehemu ya mapishi. Yoyote itakufaa, mradi usihamehame kila wiki.
- Orodha ya uzito wa vyombo vitupu: sufuria, kikaango, bakuli unalolipenda. Vipime mara moja, uandike, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Sufuria ikishajaa mchuzi huwezi tena kujua ilikuwa na uzito gani.

Vikombe na vijiko vya kupimia si lazima. Kwa kweli ndivyo vinavyoleta makosa mengi, maana kikombe cha lebo za Marekani ni mililita 240, kwingine ni 250, na cha kabatini kwako ni kikombe tu.

Hatua

1. Weka programu kwenye gramu na kilokalori.
Kinachoitwa "kalori" kwenye chakula ni kilokalori, kifupi chake kcal. Lebo nyingi huandika pia kilojuli, kJ, na kcal 1 ni kJ 4.184. Ukiona kipande cha mkate kina "kalori 400", huenda mtu aliingiza kilojuli. Achana pia na wakia (oz): ya uzito ni gramu 28.35, ya ujazo ya Marekani ni mililita 29.57, na watu huzichanganya kila siku.

2. Jaribu mizani.
Iweke juu ya kitu kigumu na bapa, si juu ya kitambaa wala ukingoni mwa meza. Weka bakuli, rudisha sifuri, mimina maji mililita 500 kwa chombo cha kupimia. Isome karibu na gramu 500. Ikipishana kwa gramu tano au kumi, huenda ni macho yako kwenye mstari wa chombo. Ikipishana kwa hamsini, mizani ina tatizo.

3. Jizoeze kurudisha sifuri.
Kitufe huwa kimeandikwa TARE, ZERO au T. Weka sahani, bonyeza, isome 0. Weka wali, soma, andika. Bonyeza tena, weka maharage, soma, andika. Sahani moja, vyakula vinne, hakuna chombo cha ziada cha kuosha.

Kwa vitu vya kopo na chupa fanya kinyume: weka kopo zima juu ya mizani, rudisha sifuri, chota unachotaka, kisha soma. Itaonyesha −23, maana yake umechota gramu 23. Hii ndiyo njia bora kwa siagi ya karanga, asali, mayonezi na mafuta, kwa sababu kinachobaki kwenye kijiko na ukakilamba kinahesabiwa pia.

4. Pima kikiwa kibichi au kikavu, na uchague mstari wa kibichi au kikavu.
Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Nafaka na kunde hunywa maji zinapopikwa, nyama hupoteza maji. Kalori hazibadiliki sana, uzito ndio unaobadilika. Mchele mweupe mkavu una kama kcal 360 kwa gramu 100. Ukishaiva, gramu 100 za wali zina kama 130. Chukua gramu 80 za mchele:

- Mkavu gramu 80, mstari wa mkavu: kcal 288.
- Wali huohuo ukiiva unafika kama gramu 220, mstari wa ulioiva: kcal 286. Mambo shwari.
- Gramu 220 za wali kwa mstari wa mchele mkavu: kcal 792.
- Gramu 80 za mchele mkavu kwa mstari wa wali: kcal 104.

Sahani ni moja, majibu yanatoka 104 hadi 792. Hakuna kosa jingine kwenye kazi hii linalofikia hilo.

Nyama huenda upande wa pili. Kidari cha kuku bila ngozi kikiwa kibichi kina kama kcal 120 kwa gramu 100, kikiokwa kinafika kama 165. Kipande cha gramu 150 kibichi kinatoka jikoni kikiwa kama gramu 110. Kibichi: 150 × 1.20 = 180. Kilichoiva: 110 × 1.65 = 181. Lakini ukipima gramu 110 zilizoiva ukatumia mstari wa kibichi unapata 132, na umejipunguzia karibu kalori 50 kwa mlo mmoja.

Kwa nini kibichi kiwe chaguo la kwanza? Kwa sababu ukaukaji hutegemea moto, muda na maji. Wali wa leo una maji zaidi ya wa jana, ila mchele mkavu ni mchele mkavu. Lebo za pakiti za mchele, tambi na nyama mbichi nazo kwa kawaida hutoa takwimu za bidhaa kama ilivyouzwa, isipokuwa zimeandika wazi kwamba ni baada ya kupika. Soma hayo maandishi madogo.

Mstari usiosema kama ni mbichi au iliyoiva usiuguse. "Wali" tupu, "kuku" tupu: pita.

5. Kagua mstari kabla ya kuuamini.
Programu nyingi zinaruhusu watumiaji kuongeza vyakula, na baadhi wameongeza vituko. Ukaguzi unachukua nusu dakika: protini mara 4, wanga mara 4, mafuta mara 9, jumlisha. Kama kuna pombe, gramu yake ni 7.

Mfano: mstari wa siagi ya karanga unasema gramu 100 zina protini 25, wanga 20, mafuta 50. Hesabu ni 100 + 80 + 450 = 630. Mstari ukisema kcal 600 au 640, upo sawa. Nyuzinyuzi na kukadiria kwa kiwanda vinaweza kusogeza jumla kidogo. Lakini ukisema kcal 190 kwa gramu 100, aliyeuweka alinakili takwimu za mgao mmoja (kiasi cha mlo mmoja kinachotajwa kwenye lebo, "serving") wa gramu 32 akaandika 100. Ukiutumia, kila siku utajiandikia chini ya theluthi ya ulichokula.

Alama ya tiki ya "imethibitishwa" inasaidia, haimalizi kazi. Kwa vyakula visivyo na pakiti, yaani matunda, mboga, nyama, mayai, tafuta mistari inayotokana na hazina ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, FoodData Central. Programu nyingi huiweka alama ya USDA. Ukipata mstari mzuri, uhifadhi kwenye vipendwa ili usirudie kutafuta.

6. Msimbo pau ("barcode") ni mwanzo tu.
Ukishauskani, shika pakiti mkononi ulinganishe mambo matatu: kcal kwa gramu 100, ukubwa wa mgao, na idadi ya migao. Viwanda hubadilisha viungo bila kubadilisha msimbo, na bidhaa ileile inaweza kuwa na takwimu nyingine nchi nyingine. Lebo na programu zikipingana, fuata lebo, na tunga mstari wako kutokana na safu ya gramu 100.

Usiandike "mgao 1" kwa kuangalia picha. Lebo ikisema mgao ni gramu 30 za nafaka za asubuhi, mimina kama unavyomimina siku zote, kisha pima. Wengi hukuta 60 au 70. Hata vitu vya kuhesabu, kama vipande vya mkate na biskuti, vipime mara chache za mwanzo, kwa sababu kipande halisi na kilichoandikwa havilingani mara zote.

7. Mafuta: pima chupa, si kijiko.
Kama una nguvu ya kupima kitu kimoja tu, pima mafuta. Gramu 100 za mafuta ya kupikia zina kama kcal 884. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa, mililita 15, ni kama gramu 14 na kcal 120. Shida ni kwamba hakuna anayepika kwa kijiko kilichosawazishwa.

Weka chupa juu ya mizani kabla ya kupika: gramu 812. Pika kama kawaida yako. Irudishe: gramu 781. Umetumia 31, sawa na kcal 274. Ungeandika "kijiko kimoja" ungekosa zaidi ya nusu.

Ukikaanga kwa mafuta mengi, pima mafuta kabla, yaache yapoe kabisa, pima yaliyobaki. Tofauti igawe kwa vipande ulivyokaanga. Mafuta ya moto usiyapeleke kwenye mizani, ni hatari kwako na kwa mizani.

Mafuta ya kupuliza yaliyoandikwa kcal 0 ni mafuta. Kanuni za lebo za Marekani zinaruhusu mgao wenye chini ya kcal 5 kuandikwa 0, na mgao wa chupa hizo ni sehemu ya sekunde. Wewe unapuliza sekunde nne. Pima kopo kabla na baada, uandike kama mafuta ya kawaida.

Programu ikidai mililita, kumbuka mililita 100 za mafuta ni kama gramu 92. Maziwa na maji unaweza kuchukulia gramu moja ni mililita moja. Asali hapana, ni nzito zaidi: mililita moja ni kama gramu 1.4.

8. Chakula cha sufuria: pima vyote vibichi, kisha pima sufuria.
Swali la "nitajuaje kiasi changu kwenye mchuzi wa watu watano" linamalizika hivi. Fungua sehemu ya mapishi kwenye programu, uingize kila kiungo kwa gramu kinapoingia sufuriani. Tuseme ni maharage:

- Maharage makavu gramu 400: kcal 1,360
- Vitunguu gramu 150: kcal 60
- Nyanya gramu 300: kcal 54
- Mafuta gramu 40: kcal 354

Jumla kcal 1,828. Maji hayana kalori, usiyaandike. Chumvi vilevile.

Yakiiva, pima sufuria nzima juu ya kitambaa kikavu kilichokunjwa ili joto lisiharibu mizani, huku ukiwa umerudisha sifuri na kitambaa tayari kipo. Tuseme inasoma 2,780. Sufuria tupu, kwenye ile orodha ya kabatini, ni 940. Chakula ni gramu 1,840.

Sasa ujanja wenyewe: penye idadi ya migao, andika 1,840. Mgao mmoja umekuwa gramu moja. Ukijipakulia gramu 320, andika migao 320, na programu itakupa kama kcal 318. Programu ikikataa namba kubwa, weka 184, na mgao uwe gramu 10.

Koroga vizuri kabla ya kupakua. Ukichota juu penye mafuta, namba haitakuwa na maana. Kiporo cha kesho kikipashwa moto hukauka, kwa hiyo pima sehemu yako kikiwa bado baridi.

9. Toa kisicholiwa.
Takwimu za ndizi, parachichi, kuku na samaki kwa kawaida ni za sehemu inayoliwa. Ndizi ya gramu 180 na ganda lake ina nyama kama 120, na hizo ndizo unazoandika: kama kcal 107. Kwa vyakula vya mifupa, pima sahani ukianza, kula, kisha pima mifupa na utoe. Vya kopo vichuje kwanza, uangalie kama lebo inazungumzia uzito uliochujwa.

10. Andika kabla ya kula.
Pamoja na maziwa ya chai, sukari (kijiko cha chai ni kama gramu 4, kcal 16), na vile vya kuonja jikoni. Mboga za majani ukizikisia tu hutaumia: kosa la gramu 50 kwenye mchicha ni kama kalori 12. Kwenye karanga ni karibu 300.

11. Ukila nje, kadiria, usiache wazi.
Gawa sahani kichwani mwako: wanga kiasi gani, nyama kiasi gani, mafuta kiasi gani. Andika kila kimoja kwa mstari wake, na ongeza angalau kijiko kimoja cha mafuta, maana jikoni za biashara haziyabanii. Jicho linafunzwa nyumbani: kabla ya kuangalia mizani, taja namba kwa sauti. Baada ya wiki mbili utashangaa.

Mambo yakienda kombo

*Naongeza sukari kidogo kidogo na namba haisogei.* Mizani nyingi hujirudishia sifuri zenyewe mabadiliko yakiwa madogo mno. Weka yote kwa mkupuo, au tumia njia ya kopo ya hatua ya 3. Kwa vitu vya chini ya gramu 5 mizani ya kawaida haitegemeki, ila ni mara chache vitu hivyo hubeba kalori za kukutia wasiwasi.

*Namba inarukaruka.* Betri, meza isiyo sawa, au feni inapuliza. Angalia pia kama sahani inagusa ukuta.

*Mizani imezima katikati na sifuri imepotea.* Kama ulikuwa na uzito wa chombo kwenye orodha, toa tu. Kama hukuwa nao, hamisha chakula upime chombo. Kisha tafuta kwenye maelekezo kama kujizima kunaweza kuzuiwa.

*Mstari niliotumia mwezi uliopita sasa una namba nyingine.* Kuna mtu ameuhariri. Tunga wako binafsi, hakuna atakayeugusa.

*Programu inanirudishia kalori za mazoezi.* Kama ulipoweka lengo ulichagua kuwa wewe ni mtu wa shughuli nyingi, mazoezi hayo yamekwisha kuhesabiwa. Zima kipengele hicho, au jishushe daraja la shughuli. Usiache vyote viwili.

*Naandika kila kitu na uzito haushuki.* Usihukumu kwa asubuhi moja. Chumvi, hedhi na mlo mkubwa wa jana husogeza mwili kilo moja au mbili za maji. Linganisha wastani wa siku 7 na wastani wa siku 7 zilizotangulia, kwa wiki tatu au nne. Kama wastani umesimama kweli, usikimbilie kupunguza lengo. Fungua shajara ya wiki moja utafute kwa mpangilio huu: mafuta yaliyoandikwa kwa vijiko, vitu vilivyoandikwa "mgao 1" au "kikombe 1", nafaka na nyama ambazo hali yake haijatajwa, kisha Jumamosi na Jumapili zilizo wazi.